Kibaraza Kilichozibwa

Kabla ya vioo, kibaraza cha Bi Tunu pale Bunju kilikuwa cha kila mtu. Upepo wa baharini uliingia upande huu ukatokea upande ule bila kupiga hodi, na majirani nao hivyo hivyo. Ukikaa na sahani ya wali ulikula na mchanga kidogo. Masika mvua ilikuja imelazwa na upepo, ikalowesha mikeka mpaka kwenye mlango wa sebuleni. Grili alizowekaga mumewe, Mzee Mwinjuma, zililiwa na chumvi hadi zikawa kama biskuti, ukizishika zinakubakia mkononi. Kwa hiyo kero zilikuwepo, tusidanganyane. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuumwa kichwa akiwa amekaa pale. Hilo Bi Tunu alikuja kulikumbuka baadaye, wakati kukumbuka hakuna kazi tena.

Kilichomponza ni neno. Siku walipokuja kumposa binti yake wa pekee, Munira, mama wa muoaji, Bi Hamisa wa Kipawa, alishika baibui lake lisipeperuke, akatazama huku na huku, akasema, "Kwenu pazuri, shoga, ila mtu akikaa vibaya anapeperushwa anajikuta Zanzibar." Wenzake wakaangua kicheko. Bi Tunu naye akacheka, maana mgeni ni mgeni, lakini lile neno likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wageni hawajafika hata barabarani, tayari ameshamgeukia mumewe.

"Baba Munira, hiki kibaraza nataka kizibwe. Vioo na alumini, kama nyumba za kule Mbweni."

"Ukishaziba upepo, tutapumua nini?"

"Tutapumua heshima."

Mzee Mwinjuma alikuwa mtu wa kuchagua vita vyake. Hivi hakuvichagua.

Fundi aliyekuja aliitwa Stanley, mtu wa Mbeya, mcheshi, penseli sikioni. Alipomaliza kupima akaonyesha juu, pale ukuta unapokaribia dari. "Mama, hapa huwa naachaga nafasi ya wavu, hewa ipite. Au unataka kioo mpaka juu?"

"Huo wavu unazuia vumbi?"

"Vumbi hauzuii."

"Na chumvi?"

"Chumvi ndo kabisa."

"Basi kioo mpaka juu. Mie nataka hata mbu akitaka kuingia humu abishe hodi."

"Huyo mbu itabidi atoe na shikamoo!" Stanley akacheka, akafanya alivyoambiwa. Akajaza silikoni kila penye ufa, akaning'iniza mlango wa alumini unaojifunga wenyewe ukiuachia. Siku ya kukabidhi akamwambia kitu kimoja: zile reli za madirisha ya kusukuma zisuuzwe mara kwa mara kwa maji ya bomba na zipakwe mafuta, kwa sababu chumvi ya huku ikishakaa humo, dirisha halisogei tena. Bi Tunu akaitikia "sawa, sawa" kama mtu aliyeshika simu sikioni.

Kibaraza kikang'aa, kusema kweli. Jua likipiga, mtu wa barabarani alifumba macho. Ila mchana ndani palikuwa kama ndani ya sufuria lililofunikwa. Mzee Mwinjuma akahamisha kiti chake nje, nyuma ya nyumba. Majirani waliokuwa wakijitupa pale na masufuria yao ya kuchambulia mchele wakaanza kuishia mlangoni, wakitazama miguu yao yenye vumbi, halafu wakaacha kuja.

Aliyebaki ni mmoja tu, Kokushubila, Mhaya wa nyumba ya pili, muuza mayai ya kienyeji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Brightson. Huyu hakuogopa vioo. Ila alikuwa na tabia yake: mlango akiupita haufungi. Akiingia, anausukuma ule wa alumini mpaka mwisho na kuuzuia kwa kapu lake la mayai.

"Mama Brightson, kwenu Bukoba milango haifungwi?"

"Inafungwa waitu, lakini na mwenye nyumba. Mgeni akifunga mlango wanamuuliza ana siri gani."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa marafiki, hilo nalo lisemwe.

Munira akaolewa, akahamia Kipawa. Mumewe Farhan alikuwa dereva wa malori ya Kongo, mtu wa kuonekana na kupotea. Mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili nayo ikatoka. Kipawa wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini, lakini siyo ya chini sana. Mimba ya tatu ikakaa, ikakomaa, akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Lulu, na kwa desturi ya uzazi wa kwanza Munira akarudi kwa mama yake kulea arobaini.

Bi Tunu alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu. Arobaini ipite, Munira atoke mzima na mtoto wake mkononi, Bi Hamisa na wenzake waje waone kwa macho yao. Kila alichofanya alikifanya kwa ajili ya hilo. Kwenye kibaraza, mahali pazuri kuliko pote nyumbani, akaingiza kitanda kikubwa. Akatundika mapazia mazito, watu wa barabarani wasimtie jicho mtoto. Chini ya mlango akasokota kanga, upepo usipite. Madirisha hayakuwa yakisogea siku nyingi, chumvi ilishayagandisha kwenye reli, na yeye akafurahi. "Afadhali," akasema. "Hakuna atakayeyafungua kwa bahati mbaya."

Halafu akaleta jiko la mkaa.

Sie wa pwani tunajua, mzazi bila moto si mzazi. Anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, na jiko linakaa karibu na kitanda ili baridi isimwingie mifupani, kwa sababu baridi ya uzazi ikishaingia haitoki mpaka kaburini. Ndivyo Bi Tunu mwenyewe alivyolelewa na mama yake kule Kunduchi, na mama yake na bibi yake. Ila nyumba ile ya Kunduchi ilikuwa ya udongo na makuti, na kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi paka anapita bila kuinama. Moto ulikuwa na njia yake ya kutokea. Hilo halikusemwa na mtu, kwa sababu hakuna anayesema kitu ambacho kipo siku zote.

Masika ikaanza. Munira akaanza kulalamika.

"Mama, kichwa."

"Ni maziwa yanateremka. Kitaacha."

Hakikuacha. Akaanza kutapika uji, akawa anainuka kitandani anayumba kama aliyelewa. Mtoto naye akawa mpole ajabu. Halii, hahangaiki, ananyonya kidogo analala. Wachache waliokuja kumwona wakamsifia, "Mashallah, mtoto ana adabu huyu!" na Bi Tunu akapokea sifa kama vile adabu hiyo kaifundisha yeye.

Mama Brightson alikuja na mayai ya mzazi. Akasukuma mlango mpaka mwisho kama kawaida yake, akaweka kapu, akakunja uso. "Mama Munira, humu mbona pazito? Na huyu mtoto ndo analala hivi mchana kutwa? Brightson wangu alikuwa akilia mpaka kuku wanahama." Akakaa pembeni ya kitanda akaanza hadithi zake, upepo wa mvua ukiingia nyuma yake. Taratibu Munira akakaa. Akaomba chai. Akacheka. Lulu akafumbua macho, akalia kilio cha haki kabisa.

Mama Brightson akaondoka. Bi Tunu akafunga mlango, akarudisha kanga chini yake, akachochea mkaa. Haukupita muda, kichwa cha Munira kikarudi, na mtoto akalala.

Ikawa hivyo tena siku nyingine. Na nyingine. Bi Tunu akakaa akafikiri, na hapa ndipo alipopotea mzima mzima, kwa kutumia akili yake mwenyewe. Aliona jambo la kweli: mwanawe anachangamka Mama Brightson akiwepo, anaumwa Mama Brightson akishaondoka. Hakuutazama mlango. Alimtazama mtu. Akajisemea, huyu mwanamke anakuja kuwapooza ili asishukiwe, akiondoka anaacha mambo yake nyuma. Mwanangu katupiwa jicho.

Na dawa ya jicho anaijua kila mmoja. Akamfunga mtoto mvuje mkononi. Akaweka kisu chini ya mto. Akanunua udi na ubani, na kwa kuwa udi hauungui hewani, akaongeza mkaa.

Mara iliyofuata alimsubiri Mama Brightson getini.

"Usinielewe vibaya, mwenzangu. Mzazi hataki wageni."

"Mie mgeni? Tangu lini?"

"Tangu kichwa cha mwanangu kianze kumuuma kila ukishatoa mguu humu."

Mama Brightson akayatazama mayai yake. Mvua ilikuwa ikimchuruzika kwenye kitenge. "Tunu," akaita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Unaniita mchawi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Haya." Akaweka mfuko wa mayai juu ya ukuta. "Haya ni ya mzazi, siwezi kumrudishia njaa mtoto kwa sababu ya mdomo wa bibi yake. Ila mfungulieni mlango yule binti. Humo ndani mtu hapati pumzi."

Bi Tunu aliyatumbukiza yale mayai chooni, moja moja. Kisha alipokwenda gengeni kununua nyanya akawanong'oneza wanawake wawili tu, na wewe unajua wanawake wawili wa gengeni ni wangapi.

Kuanzia hapo ule mlango haukuwa na mtu wa kuuzuia.

"Mama, nitoe nje kidogo," Munira alimwambia, siku ile ya mvua kubwa. "Hata hapo sebuleni."

"Sebuleni kuna watu wanapita na miguu ya mvua. Upigwe na baridi na kidonda kibichi? Unataka kuniua?"

"Basi toa jiko, mama. Naona vitu viwili viwili."

"Hilo jicho linapambana, mwanangu, halitaki kutoka. Vumilia." Akadondosha udi mwingine juu ya makaa, moshi mtamu ukapanda. Akawafunika vizuri. Akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake, akaenda jikoni uani kukoroga uji.

Uji ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Mzee Mwinjuma alikuwa kazini bandarini. Bi Tunu aliporudi na bakuli akasema, "Amka mama, unywe wa moto moto," na hakujibiwa. Munira alikuwa amelala ubavu, mkono juu ya mwanawe, mdomo wazi. Akamtikisa. Akamtikisa kwa nguvu. Bakuli likaanguka. Akamnyanyua mtoto, na kichwa cha mtoto kikaenda kilikotaka.

Akamrudisha kitandani, akapiga yowe. Akalirukia dirisha, akavuta, halikusogea. Akavuta mpaka kucha zikang'oka. Kichwa chake mwenyewe kilianza kuzunguka, na bado alikuwa akivuta lile dirisha wakati mlango uko nyuma yake, kwa sababu mtu akichanganyikiwa hushika kilicho mbele.

Aliyekuja ni Mama Brightson. Alikuja mbio na mchi wa kinu mkononi, hakuuliza kitu, akakipiga kioo kwa nje. Kikapasuka. Akapiga cha pili, na cha tatu. Upepo ukaingia na mvua yake, mapazia yakaruka juu. Akaingia akamtoa mtoto, akarudi akamshika Munira kwapani, akamburuta mpaka uani, akamlaza kwenye matope. Mvua ikampiga usoni. Munira akakohoa, akatapika, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

Lulu hakukohoa.

Hospitali daktari aliuliza maswali machache. Mlikuwa mnapikia ndani? Hapana, tulikuwa tunamtia joto mzazi. Kwa kitu gani? Kwa mkaa. Madirisha? Ni vioo. Yanafunguka? Bi Tunu akatikisa kichwa.

"Mama, mkaa ukiwaka mahali palipozibwa unatoa hewa ya sumu," daktari akasema. "Haina rangi, haina harufu. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, analegea, analala. Mtoto mchanga ndo anatangulia. Hakuwa akipata nafuu akitoka nje? Au mlango ukifunguliwa?"

Bi Tunu aligeuka akautazama mlango. Alikuwa akiliona lile kapu la mayai limezuia mlango.

Mazishi yalifanyika. Bi Hamisa alikuja na watu wake, na safari hii hakuna aliyeshika baibui, ingawa vipande vya vioo vilikuwa vimefagiliwa kando na upepo ulikuwa ukipita tena pale kibarazani. Hakusema neno baya. Alimfungia Munira nguo zake na kumchukua. Munira naye hakusema neno lolote, na mama yake angependa alie au amtukane. Alimpita mlangoni kama mtu anavyopita nguzo.

Mzee Mwinjuma ndiye aliyesema. Ilikuwa mchana, wamebaki wawili, Stanley anang'oa fremu zilizobaki na leo hana utani. Mzee akatazama zile alumini zikipakiwa kwenye kirikuu, akasema polepole, "Heshima tumeshaipumua, Tunu." Akaenda kwenye kiti chake nyuma ya nyumba.

Sasa ungedhani uchungu umeishia hapo. Pale msibani, wanawake walipomkalia karibu wakimnong'oneza, "Pole shoga, yule Mhaya Mungu atamwonyesha," Bi Tunu aliinua uso. "Siyo yeye. Ni mkaa. Daktari kasema. Ni mkaa na vile vioo."

Wakatazamana. Mmoja akampapasa bega. "Mkaa tumeuota tangu bibi zetu, mama. Ungekuwa unaua, nani angekuwa hai hapa?"

"Mlikuwa hamjaziba!"

"Sawa, mama. Tulia." Na yule mwanamke alipogeuka, Bi Tunu akamsikia anasema kwa mwenzake, "Wamemfunga mdomo. Na yule alijuaje kuja na mchi?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hewa ya mkaa haina sura, Mama Brightson ana sura. Watu wakachagua chenye sura. Mayai yake yakaacha kununuliwa. Watoto wakawa wakifika usawa wa geti lake wanakimbia.

Bi Tunu alimfuata nyumbani kwake, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. "Mwenzangu, nisamehe."

Mama Brightson alikuwa akifunga vyombo kwenye magazeti. "Mie nimekusamehe, Mama Munira. Nilikusamehe siku ile ile na mchi mkononi. Lakini mimi siyo ishu. Nenda kanisafishe jina pale gengeni uliponiuza."

Akaenda. Akasimama mbele ya mafungu ya nyanya akasema yote, kwa sauti, kuanzia wavu aliokataa mpaka mayai aliyotupa chooni. Wakamsikiliza kwa heshima, kwa huruma ya mfiwa. Muuza genge akamwongezea nyanya mbili za bure. Na Mama Brightson akahamia Madale kwa mwanawe, akaacha banda la kuku tupu, na mpaka leo watu wa mtaa ule wakipita wanasema, "Hapa ndo alikuwaga yule mwanamke."

Nyumba nyingine kadhaa za mtaa ule zimeshazibwa vioo tangu hapo, kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya chumvi. Bi Tunu akiona fundi anapima, hutoka akasimama getini. "Acheni nafasi juu. Na mkaa msiingize." Wanamjibu, "Tumekusikia, bibi," kama alivyokuwa akijibu yeye.

Munira alizaa tena, mtoto wa kiume. Safari hii arobaini alilelewa Kipawa. Bi Tunu hakuitwa, alisikia kwa watu, akafunga kanga zake akaenda. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake, na pembeni ya kitanda shangazi mmoja mzee alikuwa ameshaweka jiko, analipepea.

Bi Tunu hakusalimia mtu. Alilishika lile jiko kwa ncha za kanga yake, akatoka nalo, akalimwaga uani. Alirudi viganja vimebabuka.

"Una wazimu!" shangazi akafoka. "Unataka mzazi afe kwa baridi?"

"Mwache," alisema Munira kutoka kitandani. Akamtazama mama yake, mara ya kwanza tangu vile vioo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akapiga hatua kwenda kitandani, mikono mbele, kama bibi yeyote anavyomwendea mjukuu.

"Hapana." Munira akamvutia mtoto kifuani. "Wewe kaa hapo hapo mlangoni. Ushikilie mlango."

Bi Tunu akashusha mikono. Akakaa kizingitini, akaegemeza mgongo kwenye ubao wa mlango ukalala ukutani, akanyoosha miguu. Akashinda pale. Waliokuja na zawadi walimruka, wakambeba mtoto kwa zamu, wakamruka tena kutoka. Mchana upepo ukavuma wa mvua, ukapeperusha pazia, na mgeni mmoja asiyemjua akamwambia, "Bibi, sogea basi tufunge, baridi inaingia."

"Iache iingie," akasema, na hakusogea.